Magunia Mawili Yaliyookwa Ruiru

Nyumbani kwa Mama, Theta,
S.L.P. 94, Ruiru.
21 Aprili 1996

Mpendwa dada Kamene,

Habari za Kisumu? Natumaini wewe na watoto mko salama na kile kikohozi cha Mumo kimeisha. Huku Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi nina afya na nina hasira, na hasira yenyewe ni ya kaka yetu Muasya.

Ulisikia miti ya paini ya marehemu Baba iliungua Februari. Mtu alichoma nyasi upande wa Kalimoni, upepo ukatuletea moto, na kabla chai haijapoa miti yote kumi na saba ilikuwa imekufa imesimama. Mama alilia siku mbili.

Lakini matunda ya juu kabisa yalipona. Bwana misitu alikuja kutoka Thika akatuonyesha: moto ulipita mbio, magamba magumu yakazikinga mbegu, joto likayalegeza tu. Yale ya chini yalikuwa makaa hadi ndani. Akatuambia hayo ya juu tuyaanike mazima juani, yafunguke yenyewe. Tukachuma magunia mawili. Mama akatulia, akasema sasa ataiona miti ya mzee ikirudi kabla hajamfuata.

Basi Muasya, ambaye hajawahi kuotesha hata sukuma wiki, akajifanya profesa. Ati jua ni la washamba. Ati kama moto wa dakika chache umeyalegeza, moto wa kutosha utayafungua yote. Akayapeleka Ruiru kwa rafiki yake mwenye bekari, wakayatia kwenye oveni ya mkate tangu asubuhi mpaka saa kumi. Moto wa porini hupita, Kamene. Oveni haipiti. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaka yetu ana kipara.

Alirudi akicheka. Matunda yote yalikuwa wazi, mbegu zikimwagika zenyewe, zinanukia mkate. Nilipasua moja kwa kucha nikakuta unga wa kahawia. Nilipomwonyesha aliniuliza nimesomea wapi. Akazipanda zote. Alivaa tai siku hiyo, na pasta akaitwa kuombea kitalu.

Hii ni wiki ya sita na haijaota hata moja. Anamdanganya Mama kwamba paini hukawia, na Mama na magoti yake anabeba maji kila asubuhi kumwagilia mchanga mtupu. Ujinga wa oveni ningemsamehe. Kwa hili namdharau, na sioni haya kuliandika.

Sasa nisikilize. Krismasi ulibeba matunda sita ukayaweka kwenye kikapu juu ya kabati, eti urembo. Nilikucheka, nisamehe. Hatuna mbegu nyingine za miti ya Baba. Kama yamefunguka, usifagie. Kung'uta kikapu, utaziona, ndogo zenye kibawa chembamba. Zifunge kwa gazeti, umpe mtu azifikishe kwa Ndunge dukani Witeithie. Usiziweke karibu na jiko, na Muasya asijue.

Nitazifukia kwenye kitalu hicho hicho Jumapili, Mama akiwa kanisani, ili maji yake yapate kazi. Zikiota, Muasya atasema ni zake. Mwache aseme.

Nisalimie baba watoto, Mumo na Kaluki. Mungu awafunike nyote, na mvua hii isikatike mapema.

Dada yako akupendaye,
Mbithe