Makaburi ya Wafalme na Msalaba wa Baba

Louisville, Jumapili, 9 Oktoba 2016

Mdogo wangu mpendwa Murhula,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Kavugho na watoto. Kile kikohozi cha mdogo kimepoa? Na mwenye nyumba wenu hapo West Side, Buffalo, ametengeneza mtambo wa joto, au anangoja theluji imkumbushe? Mimi ni mzima. Mgongo tu unalalamika, maana kuwainua wazee kitandani si kazi ya kucheka.

Barua hii anaileta Salvatori, dereva wa lori, na nimemwapisha akupe mkononi kabla ya ndege yako ya Alhamisi. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningekata katikati. Tafadhali isome yote, hata ukikasirika.

Unaikumbuka ile picha ya kanisa la Saint-Denis aliyoibandika Baba juu ya meza yake? Jirani walidhani ni kanisa la Bukavu! Baba alikuwa mwalimu wa historia mpaka kwenye mifupa. Alitusimulia jinsi Abate Suger, mkuu wa watawa wa pale, karibu miaka mia tisa iliyopita, alivyotaka nyumba ambamo mwanga wenyewe ungehubiri. Mafundi wakachongoa matao, kuta zikaacha nafasi ya vioo vya rangi, na mtindo huo wa Kigothi ukaenea Ulaya nzima. Lakini Baba alipenda zaidi makaburi. Karibu wafalme wote wa Ufaransa walizikwa humo, kila mmoja chini ya jina lake, na ufalme ulijivunia wafu wake kama ulivyojivunia taji.

Kisha yakaja mapinduzi. Makaburi yalivunjwa, mifupa ikatupwa mashimoni. Zaidi ya miaka ishirini baadaye ikafukuliwa, na hakuna aliyeweza kusema huu ni wa nani. Wakaiweka pamoja, wakachonga majina ukutani. Wewe ulilia, ukamuuliza Baba mtoto wa mfalme atajuaje baba yake yuko wapi. Baba akacheka, akajibu kwamba atasoma majina. Mji huu ninaoishi umepewa jina la Louis wa kumi na sita, naye alipelekwa kulazwa kulekule. Kila nikiliona jina hilo kwenye basi, namsikia Baba.

Sasa nifike Columbus. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye ubatizo Clintonville, mtaa wa hukohuko, kwa Mzee Karaha, yule tuliyekuwa naye kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Habari zako zilikuwa zimemfikia: kwamba umepata pasipoti, kwamba umechongesha jiwe la kaburi, na kwamba utafukua mifupa ya Baba kambini uivushe ziwa, ukamlaze karibu na Mama, kule kwetu Walungu. Watu walikusifu, wakasema huyo ndiye mtoto. Karaha alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akafunga mlango. Akaniambia, “Bon, umwambie mudogo yako asimuchimbue bibi yangu.”

Mke wake, Murhula. Akaongeza kwamba nisipokuambia kabla ya Alhamisi, atakuambia yeye.

Mimi dada yako nilikudanganya. Baba hakuzikwa peke yake. Wiki ile ya kipindupindu watu saba waliwekwa shimo moja, upande wa juu wa njia ya kisimani, na Baba alikuwa wa tatu. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa hoi hemani, na ulipopata nafuu ulikataa uji, ukiuliza kama Baba ana kaburi lake kama wafalme. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulibaki mifupa mitupu. Nikaogopa nitakuzika na wewe. Nikaunda msalaba wa mbao, nikaandika jina la Baba, Zihindula, nikauchomeka kwenye kaburi jipya lisilo na alama. Sikuuliza ni la nani. Jioni ile ulikunywa uji, na mimi nikanyamaza miaka ishirini.

Lilikuwa la Kanyana, mke wa Karaha. Alimzika kwa mikono yake, akaenda kutafuta mbao. Aliporudi na msalaba wake alikuta wetu, na wewe umelala kifudifudi juu ya udongo, unalia. Nilimuuliza kwa nini hakuung'oa. Akasema kesho yake alikuwa anaondoka kambini, na aliondoka na amani kidogo, kwa kuwa Kanyana alikuwa amepata wa kumlilia.

Basi usichimbe, ndugu yangu, wala pale wala shimoni. Nyuma ya karatasi hii nimeandika majina saba. Sikuyasahau hata siku moja. Yachonge yote kwenye jiwe lako, uliweke juu ya njia ya kisimani, watoto wao wakifika wasome. Nikasirikie ukirudi, nitakuja Buffalo unikasirikie uso kwa uso.

Msalimie Kavugho, wabusu watoto, na Mungu akuvushe salama. Karaha naye anakusalimu. Ameomba kitu kimoja: ukifika kwa Kanyana, mwandikie jina lake, kisha ukae naye kidogo, maana yeye ndiye uliyemlilia.

Ni mimi dada yako,
Nzigire