Ufagio Mlangoni Hukkala

Hukkala, 9 Septemba 2023

Bibi Lempi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila leo sijielewi. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba ulimozaliwa, karatasi juu ya paja. Simu huisikii, na mimi siwezi kungoja mpaka nirudi Helsinki.

Nyumba ipo, Bibi. Baba aliniapia kwamba ilishaanguka zamani. Haikuanguka. Magogo yake yamegeuka rangi ya fedha na paa limebonyea katikati kama mgongo wa farasi mzee, lakini mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Ufagio ulikuwa umeegemezwa mlangoni, kama watu wa huku wanavyofanya wakitoka, ili anayekuja ajue hakuna mtu. Nilicheka peke yangu. Miaka hamsini na miwili, hakuna mtu! Kisha nikautazama vizuri. Vijiti vyake ni vya mwaka huu, na majani machache yaliyobaki bado yana ukijani. Sikuelewa. Niliusogeza nikaingia, na nilipotoka niliurudisha palepale.

Tanuri linachukua robo nzima ya chumba, jeupe, kubwa, kimya. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyemkuta mnyama mkubwa amelala, akaogopa kumwamsha. Jua lilipita kwenye vile vioo vya zamani vyenye mawimbi, likatembea ukutani kama maji. Nilikaa sakafuni saa nzima bila kufanya lolote. Unanijua, mimi si mtu wa kutulia.

Nataka kuinunua. Mwenye nyumba bado ni jirani yako, Saimi Karppinen, sasa ni mjane. Na nataka wewe uje, ukae tena kwenye meza yako. Hilo ndilo hasa ninaloliomba. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Inka


Turku, 17 Septemba

Mjukuu wangu Inka,

Marahaba. Goti linauma, moyo unapiga, kahawa nakunywa. Nashukuru kwa barua, japo umeiandika kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa.

Umesoma sheria miaka sita ili ukalale na panya? Baridi ya kule huijui. Januari magogo ya ukuta hupasuka kwa mlio wa bunduki, na mtu anayetoka nje na nywele mbichi huzivunja kama vijiti.

Sasa nikuambie mara moja, nisirudie. Mwaka 1971 serikali ilikuwa inawalipa watu wasilime mashamba yao. Babu yako akaona heri kiwandani huku kusini. Hakuniuliza. Alikwenda kwa mume wa Saimi, wakauziana, akarudi akaniambia nifungashe vyombo. Saimi nilikamua naye ng'ombe tangu tuna meno ya utoto. Siku lori lilipokuja, hakutoka hata kunipa mkono. Niliona pazia la dirisha lake likitikisika. Alikuwa nyuma yake, amesimama, ananitazama nikipanda.

Nunua ukitaka, wewe ni mtu mzima. Lakini mimi sirudi kwenye nyumba iliyokufa. Usiniombe tena.

Vaa soksi za sufu, si zile zako za dukani.

Bibi yako,
Lempi


Hukkala, 12 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimenunua!

Tulitia saini mezani kwa Saimi, na shahidi wa serikali ameketi kati yetu kama sheria inavyotaka. Saimi hakubishana bei hata kidogo. Alinikodolea macho tangu nilipoingia, kisha akasema, "Wewe ni wa Lempi. Una kidevu chake cha ubishi. Yeye vipi, anasikia?"

"Hasikii tena, mama. Tunaandikiana."

"Hata zamani alikuwa hasikii la mtu."

Shahidi aliangua kicheko, akamwaga kahawa, nusura iloweshe hati. Halafu Saimi alitukatia mkate mweusi, mnene, mchachu. Nilikula vipande vinne. Sijui kwa nini machozi yalinilenga.

Nimechukua likizo mpaka majira ya kuchipua. Theluji imeshashuka na ziwa limeganda. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje na nilidhani nimepata uziwi kama wewe. Hakuna ndege, hakuna upepo. Pumzi yangu ilitoka, ikaganda, ikaanguka, na nikaisikia ikianguka! Ningependa ungekuwa pembeni yangu uniambie kwamba ni kweli.

Nimesafisha siku tano mfululizo. Sakafu inang'aa. Na chini ya benchi nililiona lile pipa la mbao la kukandia unga, la mama yako. Ungeliona! Ndani limegandwa na uchafu mgumu wa kijivu, tabaka juu ya tabaka. Nililisugua kwa sabuni na maji yanayochemka mpaka mbao zikawa nyeupe kama mpya. Sasa linakauka barazani. Nitaweka kuni ndani yake, au maua.

Nafanya yote haya kwa ajili yako. Sikuombi, nakuambia tu.

Mjukuu wako,
Inka


Hukkala, 20 Desemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Wiki tano sijapata barua yako. Baba anasema huumwi, unakula, umekaa tu dirishani. Basi ni mimi. Nimekukosea nini?

Leo ni digrii thelathini na moja chini ya sifuri. Jua lilichungulia juu ya misonobari kwa muda wa kunywa kahawa vikombe viwili, kisha likaondoka, na theluji yote ikabaki ya buluu. Nilisimama barazani mpaka vidole vikafa ganzi. Ni pazuri kiasi cha kutisha, na mimi sina wa kumwambia.

Niandikie hata matusi.

Mjukuu wako,
Inka


Turku, 8 Januari 2024

Inka,

Sijambo. Nilianza barua nne, nikazichana.

Kile ulichokiita uchafu kilikuwa chachu. Pipa la mkate halioshwi, mjukuu wangu. Halioshwi kamwe. Ukimaliza kukanda unalikwangua kidogo, na unga unaobaki unakaukia kwenye mbao na kulala humo. Wiki ijayo unatia maji vuguvugu na unga wa rai, ile nafaka ya mkate mweusi, nayo inaamka. Mama yangu alilipata pipa hilo kwa mama yake, ambaye aliletewa mzizi wa chachu na shangazi yake, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa kifuani usigande njiani. Mtoto wa miaka mitano wa Hukkala alijua kwamba unaweza kuvunja kikombe ukasamehewa, lakini pipa huligusi kwa sabuni.

Baba yako hakujua, kwa sababu alikulia mjini kwa mkate wa duka. Wewe ungejuaje. Kosa ni langu, sikumfundisha mtu.

Siku ya lori nilivichukua vyombo vyote, pipa nikaliacha kwa makusudi. Nilijiambia, nikiacha chachu imelala, nyumba itajua kwamba tutarudi. Nikaegemeza ufagio mlangoni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nililiamini jambo hilo. Nimeliamini mpaka Novemba hii, bila kujua kwamba bado naliamini.

Sina hasira nawe. Ila sasa nyumba imekufa kweli.

Jiweke kwenye joto.

Lempi


Hukkala, 4 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Soma hadi mwisho kabla hujafungua karatasi ndogo iliyokunjwa humu. Nakusihi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi chini. Umeandika jina lako tupu, bila neno Bibi. Nilivaa viatu vya kutelezea kwenye theluji nikakata kona ya ziwa kwenda kwa Saimi, sijui kwa nini kwake. Hakuna mwingine. Nilifika kope zangu zimeganda.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Nimeliosha pipa la Bibi."

"Umeliosha? Kwa maji?"

"Kwa sabuni. Na maji ya moto."

"Eee mama yangu! Msomi mzima!" Alishika ukingo wa meza, akacheka mpaka akakohoa. Nilimchukia, Bibi, kwa dakika moja nzima. Kisha nikaona kwamba analia pia.

Akavuta pipa lake kutoka nyuma ya jiko, akafunua kitambaa. "Nusa."

Nikanusa. Harufu ya uchachu, ya tufaa na udongo na mvua.

"Hiyo ni ya Hukkala," akasema. "Yetu ilikufa mwaka ule, mama mkwe aliiacha ikaganda. Lori lilipoondoka niliingia kwenu na kisu, nikakwangua pipa la Lempi. Sikuomba ruhusa. Niliiba. Chachu haikai nyumba isiyo na moto, miaka michache tu inakufa. Ulichokisugua wewe kilikuwa vumbi. Yenyewe imekuwa hapa, na kila Ijumaa nimeilisha."

Nikamuuliza kwa nini hakutoka siku ile kukuaga. Alikunjakunja kitambaa.

"Mume wangu ndiye aliyeinunua nyumba yake bila yeye kuulizwa. Ningetoka nimwambie nini? Safari njema? Nilisimama nyuma ya pazia nikajing'ata mkono. Alama hii hapa."

Alinionyesha. Ipo, Bibi, chini ya kidole gumba.

Na ufagio ni yeye. Kila katikati ya kiangazi anakata vijiti vipya, anafunga, anauweka mlangoni kwako. Mara hamsini na mbili! Mumewe alimwita kichaa. "Ufagio unasema wenyewe wametoka," aliniambia. "Hausemi wamekufa."

Pipa letu nililipeleka kwake juu ya sleji, kile kigari cha kuburuta kwenye theluji. Alisema sasa halijui kitu, liachwe kwake wiki mbili, likandiwe unga wenye chachu yake, lisome. Basi limesoma. Jana nililirudisha, nikatia maji na unga kama alivyonielekeza, nikalifunika kwa koti langu la manyoya. Tanuri nilikuwa nimeliwasha kidogokidogo kwa siku nne lisipasuke.

Leo asubuhi nikafunua. Ilikuwa imepanda mpaka ukingoni, Bibi, inapumua. Mapovu yalikuwa yanafunguka na kufumba polepole kama macho ya mtu anayeamka. Niliweka mkono juu yake na ilikuwa na joto. Nilipiga magoti pale sakafuni, mimi nisiyejua kusali, na sikujua nimwambie nani asante.

Sasa fungua karatasi. Ni chembe za chachu nilizozikwangua kutoka pipa lako, zimekauka.

Mjukuu wako,
Inka


Turku, 19 Februari

Mjukuu wangu Inka,

Sijambo kabisa. Goti nimelisahau.

Sikukutii. Nilinusa bahasha kabla ya kusoma mstari wa kwanza, na ikabidi niketi. Ilikuwa harufu ya mikono ya mama.

Nilizitia zile chembe kwenye kikombe cha kahawa na maji vuguvugu na unga wa rai, nikakiweka juu ya bomba la joto. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, povu moja. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kikombe kama mtoto, miaka sabini na tisa hii. Jioni lilikuja la pili, na la tatu. Baba yako aliingia akaniuliza natazama nini. Nikamwambia njoo uketi, kuna jambo nilipaswa kukuonyesha zamani.

Tutakuja kwa treni tarehe ishirini na mbili Machi, sote wawili. Kikombe nitakibeba kifuani.

Mwambie Saimi mwizi nina maneno mengi ya kumwambia, na ayasikilize yote. Mwambie asimame barabarani, nimwone, asithubutu kukaa nyuma ya pazia.

Na wewe, asubuhi hiyo, washa tanuri mapema. Kisha uondoe ufagio mlangoni.

Bibi yako,
Lempi wa Hukkala