Mchanga wa Kilima Kinachohama

Karatu

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Kwa miaka nimejiuliza kwa nini gololi ikianguka mchangani huacha shimo lenye kingo zilizoinuka. Kopo la mchanga mweusi ulilonichotea kwenye kilima kinachohama limenisaidia: nadhani chembe zake hushikana, ndiyo maana kingo hazibomoki upesi.

Lakini mdogo wangu Lilian ananiambia wanawake wanakukwepa kisimani, na wakipita hukukejeli: “Mama wa msomi, umebakiza kilima kipi cha kumtumia mwanao?” Mchanga ule ni mtakatifu, hauondolewi, nilijua hivyo nilipokuomba.

Jumamosi nitaurudisha mwenyewe, mchana, wanione. Ila upepo umeshakisogeza kilima. Sijui niumwage pale ulipouchota au kilipo sasa, na wanaojua ni wale wale wasiokusalimu.

Mwanao aliyekuponza,
Namunyak