Modeli Iliyokremu

Dada Mwende mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata ninayeketi naye dawati moja. Nimeitwa intavyuu. Ni ya yale mafunzo ya likizo ya kufundisha wanafunzi mambo ya data, na Jumamosi watanipigia simu ya video, mimi ambaye mgeni akiniuliza jina humtazama mama anijibie. Nimenyamaza kwa sababu nikianguka, nataka nianguke peke yangu.

Wewe hukuwa hivyo. Siku ile uliporudi kutoka kwa kampuni ya teknolojia mara ya kwanza, hata kabla ya kuvua viatu ulitangaza, "Wamenikataa," kisha ukauliza kama kuna chapati. Ulikuwa umekremu, yaani kukariri neno kwa neno, kila swali ulilolipata mtandaoni, ukitembea kati ya kitanda na kabati, mpaka mimi pia nikaweza kuyajibu bila kuyaelewa. Wao wakabadilisha swali kidogo tu, ukabaki umeshika kalamu. Ulituigizia sura uliyokuwa nayo, mama akacheka hadi akamwaga chai.

Mara ya pili walikuhoji kwa video, hapa hapa nyumbani Komarock. Ulitundika shuka la maua nyuma yako ili wasione nguo zetu, ukanipandisha kitanda cha juu na kunikataza hata kukohoa. Shuka likaanguka. Wale wakubwa wakaniona na soksi zangu za shule, mkate mdomoni. Nilitamani ukuta unimeze. Wewe ukawaambia kwa Kiingereza chako kizuri kwamba huyo ni mdogo wako, naye pia anatafuta kazi.

Walicheka, lakini swali lililofuata halikuwa la kucheka. Walikuonyesha modeli yao, yaani programu iliyofunzwa kutabiri kwa kutumia data ya zamani. Kwa data hiyo inapata kila jibu. Ukiipa mpya, inaanguka. Kwa nini? Mimi nilikuwa naona kisogo chako tu, na vidole vikichezea ncha ya leso chini ya meza. Nikajua ile sentensi ndefu ya Kiingereza imekutoroka. Kisha ukasema polepole, kwa Kiswahili:

"Imekremu. Kama mimi nilivyokremu nilipokuja kwenu mara ya kwanza."

Upande wa pili, mama mmoja kati yao akaangua kicheko cha mtu wa huku kwetu, akakuuliza sasa itatibiwa vipi. Mkaongea, Kiswahili na Kiingereza vikipandana, kama watu wanaochambua mboga kwenye ungo mmoja.

Walipokuajiri katika ofisi yao ya Kigali, mama aliwaambia majirani wa ploti nzima kwamba umepata kazi ya data. Jioni hiyo hiyo Mama Abdi wa mlango wa pili akaja na simu mkononi.

"Mwende wangu, nirushie bando kidogo basi. Si data sasa ni yenu?"

Ukamweleza kwamba si data hiyo. Akakutazama kwa huruma.

"Kwani kuna nyingine?"

Ukamnunulia bando yaishe. Hadi leo anatuambia anakuombea biashara yako ya Kigali.

Nimekukumbuka, dada. Kitanda cha chini sasa ni changu lakini bado nalala juu. Tangu juzi nilikuwa nakremu na mimi: jina langu ni fulani, napenda hesabu, ndoto yangu ni hivi. Leo nimeacha. Nitawaambia kwamba kuongea kunanipa shida, ila nikipewa nambari nyingi zilizochanganyika nafurahi kama mtu aliyetumwa sokoni na kuambiwa chenji ni yake. Hiyo ni kweli, na kweli haihitaji kukremiwa. Natabasamu hapa kama mjinga.

Nasikia malapa ya mama yakija. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa tayari chini ya kitabu cha Kemia. Leo naiacha wazi mezani, maandishi yakielekea mlangoni, asome mwenyewe, maana kwa mdomo bado sijaweza. Ameshika kitasa.

Lala salama huko, dada.

Mdogo wako