Mafuta ya Papa Juu ya Faiba

Kikwajuni, Jumapili, Machi 1971

"Chombo chochote cha baharini hunywa mafuta ya papa." Ndivyo anavyoshikilia shemeji yangu Haji, Mtumbatu. Uongo. Ubao hunywa, faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, hainywi. Leo kiraka tulichobandika kwenye boti yetu kuukuu ya faiba kimebanduka chote, kwa sababu alikwishaipaka mafuta.

Nimefoka mpaka sauti imekauka. Mke wangu akaniuliza, "Na wewe msomi, ulimwambia kabla?"

Sikumwambia. Alipokuwa akipaka, mimi nilikuwa barazani nabishana juu ya gazeti.

Nimechoka. Gundi ya faiba imebaki kopo moja, na mjini haipatikani tena.

Nimewaagiza: Haji, na nyinyi wanangu, kesho njooni na sabuni na msasa. Kopo hilo asilifungue mtu, hata mimi, mpaka mafuta yote yatoke.