Goti Tuliloliombea

Baba Mwende wangu,

Hukupenda barua ndefu. Ulizoea kusema kwamba mwenye habari njema huandika mistari miwili, na mwenye habari mbaya huja mwenyewe. Basi Kilonzo, mpagazi wa kambini kwenu, alikuja mwenyewe. Alisimama nje ya boma kofia ikiwa mkononi, nami nikamuuliza kwa nini hakai, na kama mmeniletea chumvi.

Nakuandikia kwa sababu bado siamini. Wengine wamelia wakamaliza, lakini mimi nimeduwaa kama mtu aliyepigwa kibao gizani. Garimoshi likipunguza mwendo kuingia Emali, saa uliyozoea kurudi, mkono wangu wenyewe unaongeza unga kwenye sufuria, wa mtu mzima mmoja zaidi. Kisha natazama ugali ulivyo mwingi, nashangaa nani ameupika.

Nakumbuka ile jioni ulipotandaza mkeka, ukamwaga mahindi upande mmoja na kunde upande wa pili. Ulikuwa umetoka kumpikia tajiri wako, yule mpimaji wa barabara, Mskoti. Kila Jumamosi rafiki yake Mwingereza wa pale stesheni alikuja kula, na wote wawili walibishana juu ya raga, ule mpira wenye umbo la yai. Walipanga vijiko na vikombe mezani kuwa wachezaji, na wewe ukasimama na bakuli la supu ukisikiliza mpaka ikapoa.

"Mahindi ni Waingereza," uliniambia. "Wazito. Wakiinamisha vichwa na kusukumana, ni kama fahali wa baba yako. Mwaka jana walishinda kwa uzito tu. Lakini sasa yule mpigaji wao wa mateke amevunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, haijulikani kama atapona kabla ya mechi."

"Na kunde?"

"Waskoti. Wembamba, lakini mbio zao si mchezo. Taabu ni kapteni wao. Goti lake bovu. Linafungwa, linapoa, akikimbia linavimba tena."

Hapo kuku akaingia, akadonoa kunde moja na kuimeza. Ulipiga ukelele hata Mwende akaamka. "Ala! Winga ameliwa!"

"Weka kunde nyingine," nikasema.

"Haiwezekani, Mama Mwende. Katika raga mtu akiumia akatoka, hakuna anayeingia mahali pake. Waliobaki wanacheza hivyo hivyo."

Nilidhani unanitania. Nilikuuliza ni watu gani hao wasio na ndugu wa kuwashika mkono, ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa aproni ya kazi uliyosahau kuivua.

Mimi nikawachagua Waskoti. Ulijua sababu, ukanisumbua nayo siku zote. Baba yangu alikuwa na goti la namna hiyo hiyo, lililovimba kila mvua ilipokaribia, naye akalima nalo mpaka mwisho. Sikuweza kumwacha mtu mwenye goti.

"Nani huchagua timu kwa ugonjwa?" ulisema.

"Wewe umechagua kwa unene."

"Unene unasukuma! Goti linasukuma nini?"

"Ngoja uone."

Ndipo tukawekeana shindano. Mahindi wakishinda, mimi nitakiri mbele ya kaka zako kwamba hakuna mwanamke asiyejua mpira kama mimi. Kunde wakishinda, utavaa ukanda wa ngozi kichwani kama sisi wanawake, ubebe debe la maji mgongoni kutoka kwenye visima vya mchangani, upite nalo sokoni mchana, watu wote wakuone. Uliapa. Kaka zako walisikia, wakasema wao watasimama kwenye duka la kona kungoja, hata kama ni mwaka mzima.

Tulingoja kweli. Tajiri wako hakutaka kusikia habari za simu wala za magazeti ya Nairobi. Magazeti yake yalitumwa na baba yake kwa meli, akayasoma moja moja kwa zamu, na ole wake mgeni amtajie matokeo kabla. Kwa hiyo kila wiki ulileta habari iliyokwisha kuzeeka, nasi tukaila kama ya leo. Mtulinga umeanza kuunga. Goti limevimba tena. Mtulinga hautapona. Goti limepata daktari mpya. Tulibishana hivyo tukipura mtama, na labda mechi yenyewe ilikuwa imekwisha chezwa, watu wameoga, wamekwenda kwao. Hatukulifikiria hilo hata siku moja.

Kisha tajiri akahamishia kambi Ikutha kupima njia mpya, na furushi la mwisho la magazeti likafungwa juu ya mzigo wako. Uliniambia pale mlangoni, "Usimuulize mtu wa stesheni. Habari hii nitaileta mwenyewe, mdomoni." Nikakuambia uanze kuzoeza shingo. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, Baba Mwende. Zoeza shingo.

Sasa nikueleze jambo ambalo ungelicheka sana. Siku moja kabla ya soko, jua limepanda, kwenye maombi ya akina mama kanisani, Mama Rael aliuliza kama tuna wagonjwa. Nikainua mkono kabla sijafikiri.

"Kuna mtu ana goti," nikasema.

"Wa ukoo gani?"

"Si wa hapa. Anatoka Uskoti."

Mama Rael akafikiri. "Hiyo ni upande wa Ikutha?"

Niliona aibu kurudi nyuma. "Ni mbele kidogo ya Ikutha."

Basi wakapiga magoti wote, hata bibi Kalekye ambaye goti lake mwenyewe halikunjiki, wakaomba kwa machozi: "Bwana, mkumbuke ndugu yetu wa mbele ya Ikutha. Unyooshe goti lake, atembee." Nilikuwa nimeinamisha uso kwenye leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama Rael akadhani nalia, akanishika bega. Nilisema moyoni, nitamwambia akirudi, atagaragara chini.

Kilonzo alipokuja nilimuuliza ilikuwa siku gani. Akasema siku moja kabla ya soko la Emali, jua likiwa limepanda.

Ni saa ile ile. Wanawake wa kanisa zima wamepiga magoti, wanamtaja mtu wa mbele ya Ikutha, na mimi nacheka ndani ya leso, na wewe uko majini. Nalizungusha jambo hili kichwani na silipatii mahali pa kulitua. Mama Rael amesema Mungu anajua anwani. Labda. Mimi sijui kitu.

Kilonzo alisema Mto Tiva ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, mbingu nyeupe. Hapo Ikutha hakukuwa na hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, upande wa Migwani, na maji yalikuwa njiani yakishuka bila mtu kujua. Walisikia mngurumo wakadhani ni lori. Wewe ulikuwa katikati ya mchanga, kwenye kisima mlichochimba, maji yalipofika. Walikupata chini, mto ulipopinda, na wakakuzika huko kwa heshima. Tajiri wako mwenyewe alishika koleo.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikauliza swali ambalo sikujua kwamba liko mdomoni mwangu. "Nani alishinda?"

Kilonzo akaangalia chini. "Mama, tuache hayo."

"Alisema ataniletea habari. Wewe umekuja badala yake. Nani alishinda?"

"Waskoti," akasema. "Kapteni wao alicheza na goti limefungwa mpaka mwisho. Tajiri alisoma gazeti la mechi asubuhi ile ile, akarusha kofia. Na mumeo akasikia." Akaizungusha kofia mikononi. "Kuteka maji haikuwa zamu yake, mama. Alichukua debe na ukanda, akauvaa kichwani kama nyinyi, akashuka nao mtoni akikatika kiuno. Akasema anazoeza shingo, asije akaaibika mbele ya kaka zake. Tulimcheka sana. Tulikuwa bado tunacheka."

Aka, Baba Mwende! Kumbe ulijua. Alipokuwa akinieleza niliona uchungu kwamba umekufa hujui mechi iliishaje, kumbe ni mimi nisiyejua. Goti nililoliombea lilikuwa limekwisha kucheza zamani, limekimbia, limeshinda. Na neno langu la mzaha ulilichukua ukaenda nalo mpaka mtoni. Siwezi kusema ni nini ninachohisi. Huzuni ina mahali pake mwilini, naijua tangu alipofariki baba. Hiki hakina mahali.

Kilonzo aliniletea ule ukanda. Ulikuwa bado una mchanga kwenye mshono. Kaka zako walitaka uchomwe, na mama yako akasema nisikanyage mtoni mpaka mvua zipite, watoto wa jirani watanitekea. Nilikubali. Lakini maji ya kutekewa hayatoshi nyumba yenye mtoto.

Jana niliuvaa. Nilikwenda visimani, nikajaza debe, nikapita nalo sokoni mchana. Kaka zako walikuwa wamesimama kwenye duka la kona. Waliutambua ukanda. Hakuna aliyecheka, wakavua kofia mmoja mmoja mpaka nikapita. Shingo iliniuma, lakini sikutua.

Ulisema mwenyewe, anayetoka hana wa kuingia mahali pake. Waliobaki wanacheza hivyo hivyo.

Mwende hajambo. Anakuulizia. Lala salama huko mchangani, mume wangu.

Ni mimi niliyekushinda,
Mama Mwende