Utando Uliomfurahisha Baba

Iyunga, 4 Juni 1955

Mwanangu Asukile,

Upo salama huko Mlandege? Sisi wazima. Ona mwandiko: naandika mwenyewe! Tangu mnitoe mtoto wa jicho moja hapo kwenu Iringa, na miwani yangu mizito, naona hata kuku wa jirani.

Ila nyumba imepoa. Nilipokuwa sioni, mkeo Lusia alikaa nami, akanisomea Biblia, tukacheka. Sasa naona, na mwiko wetu wa mkwe kutoonana na baba mkwe umerudi. Nikikohoa tu, mbio migombani! Chakula naachiwa mlangoni. Namkosa sana.

Baba yako,
Isakwisa

Mlandege, 19 Novemba 1955

Shikamoo baba,

Huku joto, lakini tunadunda. Barua yako ya juzi imenishtua: mwandiko wa Lusia! Eti utando umerudi jichoni, "Bwana asifiwe". Lo, baba! Na chini Lusia kaongeza mstari wake: "Baba amekanyaga moto, anaficha."

Nimemwona daktari. Kile kifuko chembamba cha mtoto wa jicho hubaki nyuma; ndicho kilichoota ukungu. Atakitoboa kwa sindano, upesi tu. Jicho la pili, ambalo bado halijapasuliwa, atalipasua na kuosha mabaki yote, utando usipate pa kuota. Njoo, baba, nakuomba.

Mwanao,
Asukile

Iyunga, 2 Desemba 1955

Mwanangu,

Afya njema, mguu unapona. Siji. Jicho likipona nampoteza binti. Usimgombeze Lusia, anaandika haya huku analia.

Baba yako

Iyunga, 26 Februari 1956

Asukile mwanangu,

Nimefika salama, na macho yote mawili safi. Huko kwako sikukueleza kwa nini nilikuja, niliona aibu. Lusia aligoma! Aliweka kalamu chini: hasomi hata mstari mmoja mpaka nipande basi. Nikanuna siku tatu, nikashindwa.

Jana nimewaita ndugu zangu, nikachinja mbuzi, nikatamka mbele yao: mwiko basi, Lusia ni binti yangu. Mdogo wangu Andendekisye kanuna, lakini nyama kala.

Kisha nikamwita. Akatoka migombani, kanga usoni. Nikamwambia, funua, mwanangu. Akafunua, akacheka, mimi machozi yakanitoka.

Wewe mtoto wewe! Miaka saba umeoa, hukuniambia hata siku moja kwamba ana mwanya!

Baba yenu,
Isakwisa